KIWANJA NI CHA NANI?



Kurasa zetu ni chache na wino wetu ni wa kupimwa. Kwa hivyo yamkini atatokea ndugu atakayeshangaa kuona kwamba mahali pa tahariri, ambapo kila mara twazungumza daftari la wapiga kura, bei ya mchele na haki za raia, leo tumeweka khabari ya kiwanja cha kriketi. Na si hivyo tu, bali tumevuka bahari na nchi kavu hata tukafika Kyela, ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo kriketi haikupata kuota mizizi. Atauliza: Je, shida za watu zimekwisha, hata chama kikae kuzungumza michezo?

Suali hilo ni la haki, nasi twalijibu tangu mwanzo. Khabari yetu si ya mchezo. Khabari yetu ni ya kiwanja: nani alikifanya, nani aliruhusiwa kuingia, nani alisimamishwa pembeni, nani alikuwa mwamuzi, na mtu aliyekwisha kuingia katikati atatoka lini. Mwenye kuyatazama masuali hayo kwa makini ataona kwamba hayo hayo ndiyo masuali ya nchi.

Tuanze nyumbani. Hakuna mtu wa mjini asiyevijua viwanja vya Mnazi Mmoja, na ndugu zetu wa Pemba, hata wasiokuwa na jamaa mjini, wengi wamevipita wakimpeleka mgonjwa hospitali. Pale ndipo mahali pembamba panapoiunganisha rasi ya Mji Mkongwe na kisiwa kizima. Upande mmoja ni bahari kuu. Upande wa pili, zamani, lilikuwa hori la maji ya kujaa na kupwa, lililopita Darajani na kuutenga mji wa mawe na mji wa udongo. Hiyo ndiyo asili ya jina la Ng'ambo. Hori lile lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na majani ya Mnazi Mmoja yakawa mahali pa michezo, pa matembezi ya jioni, na pa watoto kuvalia nguo zao mpya siku za Idi. Mwaka 1925 lilifunguliwa pembeni yake jumba la Beit el Amani, alilolichora Bwana J. H. Sinclair kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Na hata leo kuba lake ndilo alama ya mwenye kuja mjini kutoka shamba.

Kriketi ilikuja Unguja pamoja na Waingereza: mabaharia wa manowari, watu wa simu ya baharini, maafisa wa serikali na mapadri. Katika skuli ya Misheni ya Vyuo Vikuu huko Kiungani, vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa walifundishwa kusoma, kuandika na kupiga chapa vitabu, na jioni walicheza kriketi na mpira wa miguu. Huu ni mwanzo wa kukumbukwa, maana wapo waliotaka tuamini kwamba mchezo ule ulikuwa wa mabwana peke yao. Miongoni mwa watu wa mwanzo kuushika mchezo huu katika visiwa vyetu walikuwamo watoto ambao jana yake walikuwa bidhaa.

Lakini Himaya ya Kiingereza, iliyodumu tangu 1890 hata Disemba 1963, haikuupanga mji wetu kwa namna hiyo. Iliupanga kwa mafungu. Wazungu walikuwa na klabu yao, Magoa wakawa na yao, Mabohora na yao, Maithnaashari na yao, Mabaniani na yao. Na kila klabu ikawa na timu, na kila timu ikawa na watu wake wa kuipigia makofi. Twakiri kwamba palikuwa na uzuri katika jambo hili. Upepo wa kusi ulipovuma alasiri na wachezaji waliovaa nguo nyeupe wakaingia kwa mwendo wa taratibu, watu wa makabila mbali mbali walikutana mahali pamoja, wakashindana bila ya ugomvi, na baada ya mchezo wakapeana mikono. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki majani ya kiwanja hayakuweza kufanywa magumu kama ya Uingereza. Kwa hivyo katikati ulitandikwa mkeka mzito wa nyuzi, ukavutwa na kupigiliwa, na mpira ukadunda juu yake. Mkeka ule ulikuwa na urefu wa yadi 22 tu baina ya vijiti na vijiti. Kiwanja kizima kilikuwa kikubwa, lakini jambo lenyewe liliamuliwa katika mahali pembamba kama baraza ya nyumba.

Na nje ya mstari? Nje ya mstari alisimama mtoto wa Ng'ambo. Aliujua mchezo kwa kuutazama. Alizihesabu mbio, alimjua mpigaji hodari na mrushaji hodari, na mpira ulipovuka mpaka aliufuata mbio akaurudisha. Lakini kuingia katikati hakuingia, kwa kuwa hakuwa na klabu, na klabu ilikuwa ya kabila. Akarudi kwao, akachukua mpira wa matambara, akacheza mpira wa miguu ambao hauhitaji gongo wala nguo nyeupe. Ndipo mpira wa miguu ukawa mchezo wa nchi, na kriketi ikabaki mchezo wa wachache. Waliokuwa wakisema kwamba Mwafrika hana subira ya kriketi walisema uwongo. Hakunyimwa subira, alinyimwa zamu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 wachache hao nao walitawanyika. Wengi wenye asili ya Bara Hindi walihama, wengine Dar es Salaam, wengine Uingereza na Canada, na mchezo uliojengwa juu ya kabila ukaondoka pamoja na kabila. Bara ulisalia mijini, khasa Dar es Salaam, katika viwanja vya Gymkhana na Annadil Burhani. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kriketi lilipochezwa Uingereza kwa mara ya kwanza, timu ya Afrika Mashariki ilikwenda, na ndani yake walikuwamo Watanzania wawili, Praful Mehta na Shiraz Sumar. Timu ilishindwa mechi zake zote tatu, na New Zealand, na India, na Uingereza. Hatuoni aibu kwa hilo. Lakini twajifunza kwamba mti usiopandwa katika ardhi ya watu wote hauna mizizi ya kutosha, hata ungemwagiliwa maji miaka 80.

Kabla hatujasafiri kwenda ziwani, tuwape moyo wale wanaodhani kwamba gazeti la chama halina kazi na kiwanja cha kriketi. Katika kisiwa cha Trinidad alikuwapo mwandishi mmoja, C. L. R. James, aliyezaliwa mwaka 1901. Alipokuwa mhariri wa gazeti la chama kilichokuwa kikiongoza kudai uhuru wa kisiwa hicho, alishikilia jambo moja kwa bidii: kwamba timu ya West Indies, iliyojaa wachezaji hodari weusi, iache desturi ya kuongozwa na mzungu, na apewe Frank Worrell uongozi. Wapo waliomcheka, kama watakavyotucheka sisi leo. Worrell aliteuliwa, akaiongoza timu katika safari ya Australia ya 1960 na 1961, na watu wa huko wakajaa njiani kumuaga kwa heshima. James aliliona jambo ambalo viongozi wengi hawalioni: kwamba mtu wa kawaida hujifunza maana ya haki kiwanjani kabla hajajifunza katika katiba. Na mwenye kuiona dhulma kiwanjani akanyamaza, ataiona katika serikali akanyamaza vile vile.

Sasa twende Nyasa. Njia yenyewe imetoka kwetu. Kutoka Kiungani walitoka walimu na mapadri waliokwenda kufanya kazi pande za ziwa, ambako Misheni ilishika kisiwa cha Likoma tangu mwaka 1885. Augustine Ambali, aliyetolewa utumwani na kusomeshwa Unguja, alitumikia huko umri wake wote wa kazi. Yohanna Abdallah, mwandishi wa historia ya Wayao iliyochapishwa mwaka 1919, alikuwa mwanafunzi wa Kiungani. Leonard Kamungu, mwana wa ziwa lenyewe, alikuja kusoma hapa kisha akarudi kwao. Pamoja na kitabu na kengele, desturi za skuli zilisafiri nao. Hivyo ndivyo Unguja na Nyasa, nchi mbili zilizokwisha kufungwa pamoja kwa mnyororo wa biashara ya watumwa, zilivyofungwa tena kwa kamba nyingine iliyo bora.

Lakini kamba hiyo ilifika mashariki na katikati ya ziwa. Ufukwe wa kaskazini ulikuwa na khabari nyingine. Huko walifika Wajerumani: misheni za Moravian na za Berlin mwaka 1891, na baada yao serikali. Mjerumani hakuwa na khabari ya kriketi. Mwaka 1914 vita vilipoanza, ziwa lile ndilo lililoshuhudia meli ya Kiingereza Gwendolen ikiivamia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann huko Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli. Mwezi wa pili yake watu walipigana Karonga, jirani ya Kyela. Na mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Kiingereza yalivuka kutoka kusini yakaishika nchi. Waingereza walipokuja kutawala, watoto wa huko walikwisha kuwa na michezo yao, na mpira wa miguu ulikuwa njiani. Kriketi haikupata nafasi.

Msomaji wa visiwani ajaalie amesimama Matema, ufukweni. Nyuma yake milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Mbele yake, upande wa magharibi, limetandazwa bonde la Kyela, tambarare kama mkeka, likipitiwa na mito ya Lufilyo, Mbaka na Kiwira, hata Songwe ambao ndio mpaka na Malawi. Kaskazini, juu mawinguni, ni mlima Rungwe. Mvua ya huko huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kila masika mito hufurika. Mpunga wake hatuna haja ya kuueleza, maana harufu ya mchele wa Kyela imekwisha kufika majikoni mbali na huko. Kuna kakao, kuna migomba, kuna michikichi. Katika nchi ya namna hiyo, ambamo kila kitu huota, kiwanja hakiwi kiwanja kwa bahati. Ukikiacha misimu miwili ni kichaka. Ukikiacha mitatu ni shamba la mtu. Kiwanja cha Kyela ni kazi ya mikono, na ni ahadi ya watu kwamba mahali hapa hatutapanda kitu, ila tutakutana.

Sifa hiyo ni ya zamani. Mwaka 1879 Joseph Thomson, Mskoti kijana wa miaka 21, alifika kaskazini ya ziwa na msafara ulioongozwa na Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hata pwani, pamoja na wapagazi walioandikwa Unguja. Thomson alistaajabu. Alikuta vijiji safi, nyumba zilizojengwa kwa ustadi, majani mafupi chini ya migomba, na ng'ombe wengi wakipita. Wale watu wa Unguja waliokuwa naye waliyaona hayo hayo kwa macho yao, ingawa hakuna aliyewapa kalamu.

Na ndani ya vijiji hivyo palikuwa na desturi ambayo kwa ajili yake tumeiandika tahariri hii. Wanyakyusa hawakukaa kwa ukoo peke yake; walikaa kwa rika. Watoto wa kiume walipofika umri wa miaka 10 au 11 walitoka nyumbani kwa baba zao wakaenda kando kidogo, wakajenga vibanda vyao wenyewe. Walikula kwa mama zao, wakienda kundi kwa kundi, leo kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Lakini walilala kwao, wakazungumza kwao, na wakahukumiana kwao. Walipokua na kuoa, vibanda vile vikawa kijiji chenye wake na watoto. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa nao katika miaka ya 1934 hata 1938 wakaisoma desturi hiyo, na mwaka 1951 Bibi Monica alitoa kitabu kilichoitangaza duniani. Neno lao kubwa lilikuwa *ukwangala*, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kula pamoja, kuzungumza, na kujifunza adabu kwa wenzako wa rika. Mtu aliyekula peke yake, hata awe tajiri wa ng'ombe, hakuhesabiwa kuwa mtu.

Lakini jambo lililo kubwa zaidi liliitwa *ubusoka*. Mara moja katika kila kizazi, vijana walipokwisha kukomaa, wazee walifanya sherehe ya kuwakabidhi nchi. Mkuu mzee aliwatoa wanawe hadharani, viongozi wapya wa vijiji wakachaguliwa, moto mpya ukawashwa. Kisha wazee wenyewe wakahamia kando, ili vijana wapate ardhi ya kujenga na kulima. Hawakufukuzwa kwa mikuki. Hawakungojea kufa. Walisogea, kwa kuwa na wao walikwisha kusogezewa na baba zao, na heshima yao haikupungua. Mambo ya mila na dua yalibaki mikononi mwao. Kazi ya kuongoza na kulinda nchi ikawa ya vijana.

Hatupendi kuwadanganya wasomaji kwamba ilikuwa pepo. Wanawake hawakupewa zamu katika utawala ule, kama walivyonyimwa katika klabu za Mnazi Mmoja. Na desturi yenyewe imefifia: ardhi imekuwa haba, mazao ya biashara yameifanya kila pembe kuwa na mwenyewe, na vijana wengi katika karne iliyopita walikwenda kutafuta fedha katika migodi ya mbali. Lakini maana yake haikufa. Ndugu zetu wa Kyela wangali wakikusanyika katika uwanja, wakitazama mpira, wakisikiliza mikutano, wakizikana na kuozana. Na uwanja wa mji wao unaitwa kwa jina la Mwakangale, ukoo uliomtoa John Mwakangale, mmoja wa waliopigania uhuru katika nyanda za juu za kusini.

Sasa tuviweke viwanja hivi viwili pamoja. Kriketi, mchezo wa kigeni, yafundisha jambo lile lile lililofundishwa na *ubusoka* wa Kyela. Mpigaji huingia katikati, hupiga, hushangiliwa. Lakini vijiti vyake vikianguka, au mpira wake ukidakwa, hutoka. Awe mwana wa gavana, awe amepiga mbio 100, hutoka. Mchezaji mwenye adabu hangojei mwamuzi ainue kidole. Ajijuapo kwamba amekwisha, huweka gongo kwapani akaenda zake, na mwenziwe huingia. Na upande mmoja ukimaliza, upande mwengine hupewa gongo hilo hilo, kiwanja hicho hicho, na jua lile lile. Asiyetoka ameuvunja mchezo wenyewe. Akibaki peke yake katikati ya majani na gongo mkononi, hakuna atakayemwita mshindi.

Waingereza waliujua mchezo huu vizuri, na wakautangaza kuwa ni skuli ya haki. Lakini katika utawala walikaa katikati miaka 73 bila ya kutoka. Haya tuliyasema wakati wao. Je, baada yao tumefanya nini? Katika visiwa hivi twajua khabari ya mwamuzi. Oktoba 25, 2015 watu walipiga kura. Oktoba 28, kabla matokeo hayajakamilika kutangazwa, Mwenyekiti wa Tume akatangaza kwamba uchaguzi wote umefutwa. Na Machi 20, 2016 ukarudiwa, upande mmoja ukiwa umekataa kuingia. Hatutaki kuyatonesha majeraha leo. Twasema tu kwamba mtoto yeyote aliyewahi kusimama pembeni ya kiwanja anajua maana ya mwamuzi anayeukusanya mkeka wakati mbio zinahesabiwa.

Na twajua pia khabari ya mwenye kiwanja. Ukitoka Kyela kupanda Tukuyu hata ukafika jiji la Mbeya, utaukuta Uwanja wa Sokoine, wenye jina la Waziri Mkuu aliyefariki Aprili 12, 1984. Ni uwanja wa watu wa nyanda zote zile, na mtoto wa Kyela mwenye kipaji hutamani siku moja acheze humo. Lakini mwenye hati si jiji, wala si mkoa. Ni chama tawala. Ndivyo ilivyo kwa viwanja vingi vikubwa vya mikoa ya Bara. Katika zama za chama kimoja, chama na nchi vilikuwa kitu kimoja, na mwananchi aliyetoa mchango au nguvu zake hakuulizwa anaitikadi ipi. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, viwanja havikurudi. Wahenga wamesema, mwamba ngoma huvutia kwake. Hatumlaumu mwamba ngoma kwa kuvutia kwake. Twauliza kwa nini ngozi ya ng'ombe wa wote iwe ngoma ya mmoja.

Basi, ndugu wanachama, twataka nini kwenu? Mambo matatu.

La kwanza, kila tawi livijue viwanja vya mahali pake: mipaka yake, asili yake, na waliokuwa wakivitumia. Wazee waulizwe maadamu wahai, na maneno yao yaandikwe. Kiwanja kisichokuwa na historia iliyoandikwa ni chepesi kuuzwa. Leo utaona vigingi, kesho utaona ukuta, kesho kutwa utaambiwa kwamba hapa hapakuwa na kitu. Tusiseme kwamba ni majani tu. Pale ndipo mtoto asiyekuwa na baraza kwao anapopata baraza.

La pili, tusidai kiwanja kwa ajili ya chama chetu. Twarudia, kwa kuwa twajua moyo wa mwanadamu: tusidai kwa ajili ya chama chetu. Tukipata madaraka kisha tukabadilisha jina la mwenye hati na kuandika letu, tutakuwa tumefanya kama zile klabu za Mnazi Mmoja, ambazo kila moja ililalamika kubaguliwa na iliyo juu yake, na kila moja ikambagua aliye chini yake. Twadai kwamba kiwanja kiwe cha umma, chini ya sheria, na kwamba yule tunayepingana naye awe na siku yake ya mkutano kama sisi tulivyo na yetu.

La tatu ndilo zito, nalo halihusu serikali. Latuhusu sisi. Katika matawi yetu wamo viongozi walioshika gongo tangu vijana wa leo hawajazaliwa. Wamefanya kazi, wamelala mahabusu, wameuza ng'ombe zao kwa ajili ya chama. Hatuna mizani ya kuupimia mchango wao. Lakini vijana wamesimama pembeni wakirudisha mipira, na wengine wamekwisha kuchoka kusimama. Twawezaje kumwambia mtawala atoke katikati, hali sisi wenyewe katika tawi la nyumba 20 hatutaki kusogea? Wazee wa Kyela, wasiokuwa na katiba iliyoandikwa wala tume ya uchaguzi, waliweza kuinuka siku moja mbele ya watu wote, wakawakabidhi watoto wao nchi, wakahamia kando na heshima yao kamili. Hawakuambiwa kwamba wameshindwa. Waliitwa wazee, na jina hilo likawatosha.

Kila mwaka uchaguzi wa ndani ya matawi ukija, twasikia hoja ile ile: wakati bado, vijana hawajakomaa, adui yuko mlangoni. Mtoto wa Kinyakyusa wa miaka 11 aliyejengewa nyumba na baba yake hakukomaa; aliyejijengea kibanda chake, hata kikamwangukia kwa mvua, huyo ndiye aliyekomaa. Tuwaache vijana wajenge. Kikiwaangukia, tuwasaidie kukiinua, tusikitwae.

Jioni moja, msomaji, ukipata nafasi, pita Mnazi Mmoja. Kaa upande wa bahari, watazame watoto wanaocheza. Watakuwa wamegawana pande mbili, wameweka viatu kuwa magoli, na mwamuzi ni mmoja wao. Utasikia kelele, utasikia ubishi. Lakini tazama kwamba kila anayefungwa hutoka, na anayengoja nje huingia, na hakuna aliyewafundisha hayo katika semina. Hao ndio wenye kiwanja. Sisi wengine ni walinzi tu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na asiyekubali kutoka hajui kwa nini aliingia.